Kijerumani kwa anayeanza: usikipitishe kwenye Kiingereza

Tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024, naulizwa maswali ya Kijerumani kuliko zamani. Wengine ni manesi wanaosaka ngazi ya B2 ya lugha, wengine wanamfuata mwenza na wanatakiwa A1, ngazi ya kwanza kabisa, kabla ya viza. Mimi nilianza Dar, nikaendelea Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na siku hizi nawasaidia wenzangu wanaojiandaa kwa mtihani. Wakiniuliza kigumu ni nini, nawajibu kwamba ugumu mwingi tunajitengenezea wenyewe: tukisikia neno la Kijerumani tunalipeleka kwanza kwenye Kiingereza, kisha ndipo tunalileta nyumbani. Njiani linaharibika.

Chukua msamiati tu. Aliyezoea Kiingereza akisikia "Ich will essen" anadhani mtu atakula baadaye. Hapana, anataka kula. "Bekommen" ni kupata, kwa hiyo usiseme "Ich bekomme Krankenschwester" ukitaka kueleza kuwa utakuwa nesi. Sema "Ich werde Krankenschwester". "Also" ni "kwa hiyo", "fast" ni "karibu" ya "karibu nianguke", "Gift" ni sumu. "Wer" ni nani na "wo" ni wapi, na hapo ndipo wengi huchanganya, maana Kiingereza kimewazoesha kinyume chake. Katika daftari lako andika Kijerumani upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, basi.

Tuje kwenye der, die, das, maneno madogo yanayotangulia nomino (der ya kiume, die ya kike, das ya katikati), ambayo ndiyo huwakatisha tamaa watu wiki ya kwanza. Mezani kuna der Löffel, die Gabel na das Messer: kijiko, uma na kisu. Kwa nini kijiko kiwe cha kiume? Swali lenyewe limekosewa. Wewe umekua ukisema kijiko changu, uma wangu, meza yangu, na hujawahi kumuuliza mama kwa nini kiti kiko kwenye KI-VI na meza haiko. Ngeli zetu ni nyingi kuliko makundi yao matatu. Yachukue kama ngeli, na achana na habari za kiume na kike. Tofauti ni kwamba ngeli yetu mara nyingi unaiona kwenye kichwa cha neno, yao unaitafuta mkiani. Maneno yanayoishia -ung, -heit, -keit, -schaft na -tät ni die. Yanayoishia -chen na -lein ni das. Ndiyo maana msichana ni das Mädchen, jambo ambalo huwachekesha sana wanafunzi. Sisi tunasema "kijana amekuja", si "kijana kimekuja", kwa sababu kwetu uhai unalishinda umbo. Kwa Wajerumani, umbo ndilo limeshinda hapo.

Maneno yasiyo na mkia wa kukusaidia utayakariri pamoja na neno lake dogo na wingi wake: der Stuhl, die Stühle. Wingi wao hauna utaratibu mmoja, na sijaona njia ya mkato.

Kuhusu Akkusativ, umbo la kile kinachotendwa, kama kiti katika "naona kiti", sitasema mengi. Katika umoja, der ndiyo inayogeuka kuwa den, na ein ("moja") ya kundi hilo inakuwa einen. Die na das zinabaki palepale. Watu huiogopa bure.

Dativ ndiyo inayohitaji kukaa nayo, na hapa Kiswahili kinakupa msaada ambao Kiingereza hakina. Tazama vitenzi vyetu vya kutendea: nakuandikia, nakununulia, nakupikia, nakuletea. Yule anayetendewa, kwa Kijerumani mara nyingi huingia kwenye Dativ: ich schreibe dir, ich kaufe dir, ich koche dir, ich bringe dir. Ukiona -ia au -ea ikikujia mdomoni, fikiria dir, mir, ihm, ihr, dem. Hata "nakusaidia" inaangukia humo: ich helfe dir. Ila usiifanye sheria ya msahafu. "Nakungojea" ni "ich warte auf dich", na "nakuombea" ni "ich bete für dich", zote mbili Akkusativ.

Kuna mahali Kiswahili nacho kinatuangusha, tena vibaya. Sisi tunasema "naenda jikoni" na "niko jikoni", -ni ileile. Mjerumani anataka kujua kama unaelekea huko au umeshafika. Ich gehe in die Küche, kisha ich bin in der Küche. Mwanafunzi akiona "der Küche" anashtuka kwamba jiko limehama ngeli. Halijahama, hiyo der ni die iliyovaa Dativ. Kabla ya kufungua mdomo jiulize: wohin, au wo? Kuelekea ni Akkusativ, kuwepo ni Dativ. Hesabu hiyo ni ya vihusishi in, an, auf, über, unter, vor, hinter, neben na zwischen. Mit, nach, bei, seit, von, zu na aus hazijali unakwenda wala umekaa. Hizo ni Dativ siku zote.

Jingine linalotokana na kwetu ni yeye. A- yetu haina mke wala mume, kwa hiyo unaanza kumsimulia mama yako kwa sie (yeye wa kike) na kabla hujamaliza umemwita er (yeye wa kiume). Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusimulia kwa sauti, kila jioni, habari ya mwanamke mmoja na mwanamume mmoja walio pamoja: alichofanya huyu, alichojibu yule.

Saa sasa. "Halb acht" si saa mbili na nusu, wala si nane na nusu. Ni saa moja na nusu. Mwingereza anayesema "half eight" anamaanisha nusu baada ya saa, kwa hiyo ukipita kwake utachelewa kazini kwa saa nzima. Tumia kasoro: acht ni saa mbili yetu, halb acht ni saa mbili kasoro nusu. Viertel vor acht ni saa mbili kasorobo, kama tulivyozoea. Huku Leipzig utasikia pia dreiviertel acht, ambayo ni hiyohiyo kasorobo. Na viertel acht, bila vor wala nach, ni saa moja na robo. Hata Wajerumani wa magharibi huikunjia uso.

Namba wanazigeuza: einundzwanzig, moja na ishirini. Mtu akikutajia namba ya simu kwa jozi, mwombe azitaje moja moja, "einzeln, bitte". Hakuna atakayekuona mjinga. Na kwenye sehemu ya kuzungumza ya A1 unaweza kuombwa utaje herufi za jina lako na namba, kwa hiyo zoea kuitaja ya kwako.

Mwisho, kitenzi. Katika sentensi ya kawaida kinakaa nafasi ya pili, hata ukianza na "heute" (leo): heute gehe ich. Ukishasema weil (kwa sababu) au dass (kwamba), kinakimbilia mwisho: weil ich krank bin. Halafu kuna vile vinavyogawanyika, ambavyo nasema ndivyo mtihani halisi wa masikio. Bosi akikuambia "Machen Sie bitte das Fenster im Zimmer neben der Küche…" bado hujui unachotakiwa kufanya. Akimalizia na auf, fungua dirisha. Akimalizia na zu, lifunge. Vitenzi hivyo viandike daftarini na sentensi nzima, kipande kikiwa mwishoni, si peke yake kama kamusi inavyoviweka.