Maswali na majibu: mlanguzi wa ngano wa 1909

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu A Corner in Wheat, sinema bubu ya D.W. Griffith iliyotolewa na kampuni ya Biograph mwaka 1909, kuhusu tajiri anayelangua ngano hadi bei ya mkate inapanda, kisha anafukiwa na ngano hiyo ghalani.

Mbona watu wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki?

Swali hili tena! Hawakutembea hivyo, umetazama nakala iliyoharakishwa. Filamu ya milimita 35 ina picha 16 kwa kila futi, na rili moja (mkanda mzima wa sinema fupi kama hii) ni kama futi 1,000, yaani picha 16,000. Zikipita 16 kwa sekunde, rili nzima inachukua dakika 16 na sekunde 40. Zikipita 24, kama sinema za sauti, dakika 11 tu imekwisha. Basi tazama urefu wa video kabla ya kuwacheka wazee wa watu. Ikiwa ni dakika 10 au 11, shusha kasi hadi 0.67 na uzime muziki, maana nao utaburura. Ikikaribia robo saa, usiguse kitu.

Foleni ya mkate imeganda. Ni intaneti yangu?

Hapana. Waigizaji wenyewe wamesimama bila kutikisika. Griffith anapokezanisha karamu ya mlanguzi na duka ambalo mkate wa senti 5 umefika senti 10, halafu anakuonyesha maskini hao kimya. Ndipo penye uzito wote wa sinema hii. Nanyi mnaotafsiri filamu kwa sauti kwenye mabanda ya video, hapo fungeni mdomo.

Katika hadithi ya Frank Norris, tajiri anafukiwa na ngano ukurasa gani?

Hakuna ukurasa huo. Griffith alichota kisa chake kwa Norris, mwandishi wa Marekani, lakini hadithi yake "A Deal in Wheat" ya 1902 haina kifo hicho: walanguzi wanamalizana wao kwa wao, na mkulima wa Kansas anajikuta kwenye foleni ya mkate Chicago. Kufukiwa kumetoka kwenye The Octopus, riwaya yake ya 1901, na humo ni ndani ya meli, si ghalani. Mnaonakili muhtasari bila kusoma hadithi, mnajulikana.

Mkulima ni nani?

James Kirkwood. Usimtafute kwenye maandishi ya mwanzo. Biograph haikutaja waigizaji.

Naweza kuionyesha shuleni bila kulipa?

Filamu yenyewe, haki zake Marekani zilikwisha zamani. Muziki uliobandikwa juzi ni mali ya mtu. Zima sauti, tafuta mpiga kinanda, na umwambie asipige vichekesho.