Jibu: Usilipie hiyo slivu ya PVC kwa chupa za PET

Simamisha hiyo oda kwanza. Umeuliza kama ujiunge na mpango wa pamoja wa wazalishaji wa kushughulikia taka za vifungashio au uanzishe wako chini ya kanuni za 2024 za wajibu wa mzalishaji hapa Kenya, na ada uzihesabuje. Lakini katikati ya swali umetaja, kama jambo dogo, kwamba chupa zako za juisi ni PET, ile plastiki angavu ya chupa za soda na maji, na utazivisha slivu (lebo ya mfano wa ala inayobana chupa kwa joto) ya PVC, plastiki yenye klorini, kuanzia shingoni hadi kitakoni. Kosa hilo nalijua kwa bei yake.

PET ina gramu 1.38 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. PVC iko papo hapo, 1.3 hadi 1.4. Kiwanda cha kurejeleza chupa husagwa ikawa chenga, kisha chenga humwagwa kwenye tangi la maji. Vifuniko vya PP na HDPE, plastiki nyepesi kuliko maji, huelea vikaenguliwa, PET huzama. PVC huzama nayo, na maji hayawezi kuzitenganisha. Zikifika kwenye kuyeyushwa, nyuzi 260 na zaidi, PVC inaungua na kutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo inaidhoofisha PET, inaifanya ya njano yenye vidoa vyeusi, na inakula chuma cha mashine. Vipande vichache tu vinachafua mzigo mzima.

Mawakala wa lebo wananiudhi sana hapa. "Zote plastiki, zote zinarejelezwa," wanasema, kwa sababu PVC ni rahisi na hubana vizuri kwa joto dogo. Sheria ya taka ya 2022 inamhesabu kuwa mzalishaji hata anayejaza, anayefungasha upya au anayebandika chapa yake. Kwa hiyo NEMA, mamlaka ya mazingira, wakiuliza, anayejibu ni wewe, si wakala wala aliyepuliza chupa. Na wakala akikugeuzia PETG, ndugu ya PET, kataa pia: inazama vilevile, halafu kwenye kikaushio inalainika mapema na kugandisha chenga kuwa mabonge.

Shika hili: lebo ielee, chupa izame. Omba sampuli, tupu na iliyochapishwa. Kata vipande vya upana wa kidole, tia kwenye beseni la maji yenye tone la sabuni ya vyombo, visukume hadi chini viputo vitoke, kisha viachie. Kisichopanda, kikatae. Ukishuku PVC, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse kipande, uurudishe motoni: ukiona mwali wa kijani, kuna klorini. Fanyia nje, moshi wake ni mkali.

Badala yake chukua lebo ya kuzungushia ya OPP, filamu ya PP inayoelea, gundi iwe mistari miwili kwenye ncha tu, ya aina inayoachia kwenye maji ya moto yenye soda kali (caustic soda), nyuzi 80 hivi. Chupa iache bila rangi. Na yote haya yaishe kabla silinda za kuchapishia hazijachongwa: kila rangi ina silinda yake, na mchoro uliopimwa kwa slivu inayobana hauwezi kuhamia kwenye lebo ya kuzungushia. Unachonga upya, unalipa upya.

Sampuli iliyochapishwa ndiyo ya kuamini, maana wino mzito unaweza kuzamisha filamu iliyoelea ikiwa tupu. Umesema malipo ya kwanza ni Ijumaa. Pima kabla.