Mgonjwa wako akishtakiwa, ombi la dhamana liandaliwe hivi

Mtu mgonjwa akishikwa, familia nyingi hukimbilia kumwambia hakimu "mheshimiwa, muonee huruma huyu anaumwa", alafu dhamana inakataliwa na wanabaki wakilia. Hapa Kenya ibara ya 49(1)(h) ya Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, hata kesi ikiwa ya mauaji, ila kukiwa na sababu nzito za kumnyima. Ugonjwa peke yake haufuti sababu hizo. Korti inataka kujua ugonjwa unahitaji nini, lini, na kama rimandi kinapatikana.

Kakangu ni wa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo hazifanyi kazi, mara mbili kwa wiki, kama masaa manne kila akienda. Alipofunguliwa kesi ya wizi kazini, upande wa mashtaka ukasema gereza lina zahanati na akizidiwa atapelekwa hospitali. Lakini mgonjwa wa figo hangojwi azidiwe jamani, akikosa mashine maji yanajaa mwilini, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama, na kumtoa rimandi kunataka gari, mafuta na askari wa kumsindikiza, kimoja kikikosekana siku imepita hivyo. Wakili wetu aliyasema hayo yote, na barua ya daktari anayemtibu ikayasema pia: siku za mashine, dawa, na hatari ya kukosa. Barua iwe ya juzijuzi, iwe na muhuri, na msitie chumvi maana korti yaweza kuagiza daktari wa serikali ampime.

Ila anzeni kituoni. Mwambieni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kuhusu dawa na mhakikishe imeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Sheria inasema masaa 24 awe kortini, lakini akishikwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani mpaka Jumatatu, na kama ni mtu wa kisukari anayetumia insulini hizo siku ni nyingi mno.

Kitu kinachosahaulika sana ni masharti yenyewe. Ombeni siku za kesi kutajwa na za kuripoti polisi zisigongane na za matibabu. Kwangu hili ni kubwa kuliko hata kiasi cha pesa, kwa sababu asipofika, hati ya kumkamata inatolewa na mdhamini anaweza kupoteza shamba. Mdhamini awe mtu wa karibu naye, anayejua akilazwa, ili apeleke karatasi za hospitali kortini siku hiyohiyo.

Pesa zikiwashinda, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuzipunguza, angalieni kifungu cha 123(3) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Na dhamana ikikataliwa kabisa msitoke hivyohivyo, ombeni amri kwamba gereza limpeleke dayalisisi na siku zenyewe zitajwe, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, alafu chukueni nakala mpeleke gerezani nyinyi wenyewe.