Kompyuta inazima nikirenda: niagize kipozeo kinachozunguka?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nahariri video za harusi hapa Tanga kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya wati 65. Tangu Desemba, nikirenda mchana, yaani kompyuta ikiunganisha kazi yote kuwa video moja ya mwisho, inazima ghafla, na juzi nimepoteza kazi ya saa nne. Kijana wangu amenionyesha kipozeo ambacho chuma chenyewe ndicho kinachozunguka, na wanasema hakishiki vumbi. Jirani naye anasema nizamishe bodi nzima kwenye mafuta ya kula. Nifuate lipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Saa nne za kazi ya mteja zinauma.

Kipozeo ulichoonyeshwa nakijua. Wazo ni la Jeff Koplow, mtafiti wa maabara ya taifa ya Sandia, Marekani, aliyeliandikia ripoti mwaka 2010. Nililipenda tangu nilipolisoma, kwa sababu linamwendea adui mwenyewe. Hitisinki tulizozizoea, vile vyuma vya kupoza prosesa, zina mapezi yaliyotulia na feni inayopuliza. Lakini hewa inayogusana na pezi haitembei. Inang'ang'ania chuma kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, na utando huo ndio unaozuia joto kutoka. Ukiongeza kasi ya feni, kelele inazidi na nafuu ni kidogo. Koplow akayazungusha mapezi yenyewe, mara elfu mbili na zaidi kwa dakika. Hewa inatupwa nje, utando unakonda, na vumbi halipati utulivu wa kutua.

Sasa jiulize: prosesa imetulia, chuma kinazunguka, joto linavukaje? Katikati kuna mwanya wa hewa wa milimita 0.03 hivi, chini ya nusu ya unene wa unywele. Hewa haipitishi joto vizuri, ila ikiwa nyembamba kiasi hicho na eneo likiwa pana, joto linapita. Akili kubwa ya ubunifu huu imo katika mwanya huo, na taabu yake yote pia imo humo. Nyuso mbili lazima zilingane barabara, na zikae hivyo miaka na miaka, kompyuta ikisukumwa na kubebwa. Maabara inaweza kukutengenezea kimoja. Kutengeneza vipozeo laki moja vya namna hiyo, kila kimoja kwa bei ya hitisinki ya kawaida, hapo ndipo penye shughuli.

Tupige hesabu. Sampuli ya awali ya Koplow ilipimwa nyuzi 0.2 kwa kila wati. Kwa wati 65 zako, ni nyuzi 13 juu ya joto la chumba. Kwa kitu kidogo kama kile, ni kazi nzuri kweli. Lakini hitisinki nzuri za mnara, zile zenye mabomba ya shaba ambamo maji kidogo hugeuka mvuke upande mmoja na kurudi maji upande wa pili, zinakaribia hapo hapo. Feni yake ikifa, unabadilisha feni tu. Mwaka 2017 Thermaltake walileta Engine 27, kipozeo cha ukoo huo wa chuma kinachozunguka: kimo milimita 27, kwa prosesa za hadi wati 70. Kwa kasha jembamba ningekikubali. Lako kama ni la kawaida, usiagize.

Mafuta ya kula, hapana kabisa. Kuzamisha mitambo kwenye kimiminika si uzushi. Cray-2 ya mwaka 1985 iliogeshwa Fluorinert, kimiminika maalumu kisichopitisha umeme. Lakini mafuta ya kupikia yanachacha. Nililetewa moja hapa karakana, ndani ya tangi la samaki. Harufu ilitangulia mlangoni. Mafuta yalikuwa yamepanda ndani ya nyaya hadi kwenye kibodi, maganda ya nyaya yamekauka, moja likavunjika mkononi mwangu kama tambi mbichi. Na tangi lenyewe lilikuwa la moto, maana mafuta hayalimezi joto. Yanalihamisha tu, nalo bado linatafuta pa kwenda. Akija mtu na mafuta ya transfoma, mkatalie pia: ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali iitwayo PCB, na hiyo ni sumu.

Sasa twende kwenye kompyuta yako. Chomoa umeme, fungua kasha, ondoa feni juu ya hitisinki. Nina hakika karibu yote kwamba kati ya feni na mapezi utakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, unaweza kulibandua zima kwa vidole. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kisha ng'oa hitisinki, taratibu, kwa kuinyonganyonga. Pesti, ule mlenda wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ikiwa imekauka kama chaki, ifute kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje kubwa ya mchele katikati, rudisha, kaza skrubu kwa mshazari. Hitisinki ikiwa ni ile fupi iliyokuja na prosesa, nunua ya mnara, uhakikishe kasha linaitosha. Na kama kasha limefungiwa kabatini, litoe leo. Kipozeo chochote cha hewa hakiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayokizunguka, na Tanga ya Desemba unaijua.

Jambo moja usiliruke. Kabla ya kufungua chochote, weka programu ya kusoma joto na urende kipande kifupi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 kabla ya kuzima, tatizo ni joto. Ikizima ikiwa kwenye 60, acha hitisinki, huenda ni pawa saplai hiyo, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Niandikie namba uliyoiona kabla ya kusafisha na uliyoiona baada ya kusafisha, saa ile ile ya mchana.