Muulize Fundi: Kipya au Kilichotumika?

*Fundi, shikamoo. Mwezi ujao nahamia kwangu mwenyewe na fedha haitoshi kununua kila kitu dukani. Nahitaji kitanda na godoro, friji, cherehani ya kushonea vya nyumbani, simu, na kofia ya pikipiki. Kaka yangu anasema rahisi ni ghali, ninunue vipya hata ikiwa ni kimoja kimoja. Mwenzangu kazini hanunui kipya isipokuwa mswaki. Nimsikilize nani? — Mpangaji Mpya*

Marahaba, Mpangaji. Hao wawili wanabishana juu ya umri wa kitu, na umri peke yake haukuambii mengi. Mimi huuliza hivi: kitu hiki kikiwa kibovu, kitanionyesha? Kuna vitu visivyoweza kuficha maradhi. Vinalia, vinavuja, vinalegea, vinakata uzi. Hivyo nunua vilivyotumika. Kuna vingine vinanyamaza mpaka siku unayovihitaji. Hivyo nenda dukani.

Tuanze na cherehani, maana hapo ndipo mikono yangu ilipozeekea. Zile za zamani za chuma kitupu zinadumu kuliko nyingi za plastiki za leo, ila usikubali kuonyeshwa ikishona kwanza. Toa uzi wote, uzungushe gurudumu kwa mkono, polepole, likija upande wako. Likiwa zito mzunguko mzima, usishtuke: hayo ni mafuta yaliyoganda, na matone machache ya mafuta ya cherehani yatalilegeza. Likiwa jepesi halafu likakwama pale pale kila linapopita, kuna chuma kinagusa chuma. Hiyo iache. Kisha fungua kile kibati kilicho chini ya sindano, uangalie tundu lake. Kingo zilizochimbwa na sindano zilizovunjika zitakukatia uzi kila siku. Pitisha ukucha juu ya meno yanayosukuma kitambaa. Yasipokwaruza, yamekwisha, na kitambaa kitakuwa kinasimama njiani.

Sasa ndiyo utie uzi, ushone kitambaa ulichokuja nacho, mikunjo miwili. Kigeuze. Ukikuta nyuzi zimejaa vitanzi upande wa chini, mara nyingi ni uzi wa juu uliopitishwa vibaya au uliolegezwa mno. Si ugonjwa huo. Wauzaji wengi hudhani mashine imekufa wakashusha bei, na sijawahi kuona haja ya kuwasahihisha.

Friji nayo hujisema, ukiijulia. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwa sababu friji iliyokwisha kupoa inaficha namna inavyoanza. Iwake mbele yako, usikilize kompresa: mvumo wa kutulia ni sawa, ikigonga, ikazima, ikajaribu tena, ondoka. Bana karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka bila kukazwa, mpira umechoka, na mpira hubadilishwa. Soma pia lebo ya nyuma. Ikiandikwa R12, gesi ya kupoza ya zamani, iache hata ukipewa bure: gesi hiyo iliondolewa viwandani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, na kuijaza upya ni tabu. Kumbuka friji hula umeme usiku na mchana, kwa hiyo ya kizamani sana inaweza kukurudishia gharama kwenye bili. Ikisafirishwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuichomeka ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Simu iko katikati. Kioo na kamera utavijaribu papo hapo, lakini betri huchoka kimya, hivyo fungua mipangilio uone afya yake kama simu inaonyesha, au uhesabu kabisa bei ya betri mpya. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu hiyo peke yake, tarakimu 15, uilinganishe na ya kwenye boksi. Mwenyewe aondoe akaunti yake na kuifuta simu mbele ya macho yako. Akisema atafanya baadaye, huenda si yake. Uliza pia itapata masasisho hadi lini. Samsung, kuanzia Galaxy S24 ya 2024, waliahidi miaka 7, lakini simu nyingi za zamani muda wake umekwisha.

Kitanda cha mbao ngumu, nunua kilichotumika, ila mulika tochi kwenye viungo na matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni vya kunguni. Godoro, jipya. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, na hakuna jicho linaloona ndani ya sponji.

Kofia, mpya, na hapo sibishani na mtu. Povu gumu lililo ndani ya ganda hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi. Ganda la nje linaweza kung'aa kabisa.

*Fundi, nauziwa tairi zenye kashata nzuri bado. Nichukue? — Dereva wa Familia*

Kashata si habari yote. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na kiraka cha ndani hukioni tairi likiwa kwenye rimu. Mimi ningenunua mapya. Na kwa kuwa umetaja familia: kiti cha mtoto cha gari usinunue kwa mtu usiyemjua. Kilichopitia ajali huenda kisionyeshe ufa wowote.

*Muuzaji amekataa nisijaribu jenereta, anasema "amini tu". Bei ni nzuri sana. — Mwenye Haraka*

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hulipa bei ya kubahatisha. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo anaondoka nalo, na sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo.

Kwa hiyo anayekuzuia kujaribu anakulipisha bei ya kubahatisha. Mpe nafasi moja: huenda hana mafuta tu. Nenda na lita yako na taa ya kuchomeka, iwashe ikiwa baridi, iache ifanye kazi nusu saa huku taa ikiwaka. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inachoma oili. Taa ikipepesa, umeme wake haujatulia. Akikataa hata hapo, muage.