Maswali na Majibu: Plagi ya Pikipiki ya Theluji Huchaguliwaje?

Maswali ya plagi, kile kifaa kinachorusha cheche ndani ya silinda, yamekuja mengi, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha yanayokaribiana. Niseme msimamo wangu mapema, maana mtauona kwenye majibu karibu yote: plagi sahihi ni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha injini yako, na plagi haitibu ugonjwa wa kabureta. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba ugonjwa upo.

Swali: Fundi, plagi zangu zimeandikwa BR9ES. Nimeuziwa BR8ES, nikaambiwa ni zilezile. Ni kweli?

Hapana ndugu yangu, si zilezile, hata kama zinaingia kwenye tundu bila shida yoyote. Maandishi hayo ya kampuni ya NGK yana maana kila moja. B ni upana wa thredi, milimita 14. R ni kizuizi kilichomo ndani ya plagi, kwa kawaida cha omu 5,000, kinachopunguza kelele za umeme zisivuruge mitambo ya kielektroniki ya pikipiki. E ni urefu wa thredi, milimita 19. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Sasa ile tarakimu ya katikati ndiyo kiwango cha joto, na hapo ndipo aliyekuuzia amekupoteza.

Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa hiyo 8 ni ya moto kuliko 9, na hatua moja tu hubadili joto la ncha kwa takriban nyuzi 70 hadi 100 za sentigredi. Ncha inatakiwa ikae kati ya nyuzi 500 na 850 hivi. Ikishuka sana, karibu na 450, haiwezi tena kuunguza masizi yanayoigandia, mwisho inaziba na injini inaanza kumisi, yaani kuruka mipigo bila kuwaka. Ikivuka 850 na kuendelea, ncha yenyewe inawaka kwa joto na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijarusha moto. Injini ya mipigo miwili haivumilii hilo kwa muda mrefu. Pistoni hutoboka katikati ya uso wake ukiwa bado unaendesha.

Ndiyo maana makosa haya mawili siyapi uzito sawa. Plagi ya baridi kupita kiasi itakusumbua, itaziba, pengine itakulaza njiani. Ya moto kupita kiasi itakuvunjia injini. Rudisha hizo BR8ES.

Tena usilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho. Denso nao namba ikipanda plagi ni ya baridi, ila hesabu yao ni tofauti: kwenye nafasi ya 9 ya NGK wanaandika 27, kwenye ya 8 wanaandika 24. Champion na Bosch wanakwenda kinyume kabisa, kwao namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Inayolingana na BR9ES kwa Champion ni RN2C. Ukihama kampuni, tumia jedwali la ulinganisho la kampuni yenyewe.

Na herufi moja ikiongezeka usiidharau. BPR9ES ina P, maana yake kauri imechomoza nje zaidi kuingia ndani ya silinda. Kwenye injini isiyotengenezwa kwa plagi ya namna hiyo, pistoni inaweza kuigonga. Hali kadhalika urefu wa thredi: ukizidi, plagi inagongwa, ukipungua, thredi za silinda hedi zinabaki wazi na kujaa kaboni, na siku utakaporudisha plagi ya urefu sahihi itakwama.

Swali: Ninapoendesha baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Si ingefaa nitumie plagi ya moto zaidi, injini isipoe?

Swali hili nimelipata kwa sura nyingi, na nalipenda kwa sababu jibu lake liko kinyume na anavyotarajia mtu.

Kwanza, plagi ya moto hairushi moto mkali kuliko ya baridi. Cheche ni ileile. Tofauti ni jinsi plagi inavyolitoa joto la ncha yake kwenda kwenye chuma cha silinda hedi. Plagi ya moto ina kauri ndefu ndani, joto lina safari ndefu, ncha inabaki na joto lake. Plagi ya baridi ina kauri fupi, joto linatoka haraka. Basi. Haipashi injini moto hata kidogo.

Pili, hewa ya baridi ni nzito. Kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, uzito wa hewa katika ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 12. Injini inavuta oksijeni nyingi zaidi kwa kila mpigo. Kama kabureta yako ina jeti (vitundu vya kupimia petroli) zilezile ulizotumia siku ya joto, petroli haiongezeki kwa kiasi hicho, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na mchanganyiko mwepesi kwenye mzigo mkubwa huunguza kwa joto kali. Kwa maneno mengine, siku ya baridi kali ndiyo siku ambayo pistoni iko hatarini zaidi. Mtu akiweka plagi ya moto siku hiyo anaongeza hatari juu ya hatari.

Unachotakiwa kufanya ni kutazama jedwali la jeti la injini yako, linalopangwa kwa joto la hewa na mwinuko kutoka usawa wa bahari, na kuweka jeti kubwa inayotakiwa. Plagi inabaki ya kitabuni. Injini za sindano ya petroli zina vihisio vya joto na mgandamizo wa hewa na hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo kwao hata jeti hazikuhusu.

Mlimani mambo yanageuka. Hewa ni nyepesi, jeti za bondeni zinakuwa kubwa mno, mchanganyiko unakuwa mzito na plagi zinalowa. Huko pia wapo wanaokimbilia plagi ya moto. Dawa ni jeti ndogo, kisha ukishuka bondeni uzirudishe zile kubwa. Kusahau kuzirudisha kumemaliza pistoni nyingi.

Swali: Plagi zangu zinakuwa nyeusi na mbichi baada ya muda mfupi. Nipande kwenye plagi ya moto hatua moja?

Bado, dada yangu. Kwanza tafuta kwa nini.

Zitoe zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Kama moja ni nyeusi na nyingine ni ya kahawia safi, basi tatizo liko kwenye silinda ile: kabureta ya upande huo inafurika, waya au kofia ya plagi inavujisha umeme, au sili ya krenki imechoka na kupitisha mafuta. Hakuna kiwango cha joto kitakachoponya silinda moja. Zikiwa nyeusi zote, angalia choki kama inafunga sawasawa, pampu ya oili kama haijafunguliwa kupita alama yake, na jeti kama zinafaa kwa mahali ulipo. Angalia na tabia yako pia. Injini ya mipigo miwili inayoachwa ikiunguruma muda mrefu bila kutembea, au inayowashwa mara kwa mara kwa ajili ya kusogezwa uani tu, itaziba plagi hata kama kila kitu kimepangwa vizuri.

Sasa kuhusu kusoma rangi. Plagi iliyotoka kwenye injini iliyokuwa inaunguruma tu haisemi lolote kuhusu mwendo mkubwa. Ili ikupe habari ya mzigo mkubwa, weka plagi mpya, endesha kwa throto iliyofunguliwa yote mahali pa wazi na salama, kisha zima injini kwa swichi ukiwa bado kwenye mwendo huohuo, usiiache irudi taratibu. Toa plagi, ishike kwenye mwanga mzuri na utumie kioo cha kukuzia. Usiishie kwenye ncha. Tazama kauri mpaka chini kabisa, pale inapozama ndani ya chuma. Huko ndiko hukaa pete nyembamba ya rangi inayoonyesha mchanganyiko wa mwendo mkubwa. Petroli za leo zisizo na risasi huacha rangi hafifu sana, hivyo kauri ya ncha inaweza kuonekana karibu nyeupe na injini ikawa salama. Ile pete ya chini ndiyo ya kutegemea. Ikiwa ya kahawia, vizuri. Ikiwa nyeusi ya masizi, mchanganyiko ni mzito. Isipokuwepo kabisa, na kauri ni nyeupe ya kung'aa au ina vilengelenge, simama hapo.

Kuna dalili moja ambayo haihitaji utaalamu: vitone vidogo vya fedha juu ya kauri, kama chembe za pilipili kwa ukubwa. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Injini inanoki, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo, na pistoni imeanza kuliwa. Usiiwashe tena mpaka upate sababu.

Ukishakagua yote hayo ukayakuta sawa, na kweli unaendesha polepole tu siku zote, hapo kitabu chenyewe wakati mwingine hutaja plagi ya pili inayoruhusiwa. Tumia hiyo, na ukirudi kwenye mwendo mkubwa irudishe ya kwanza.

Swali: Plagi za iridiamu zinaongeza nguvu?

Haziongezi. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,446 hivi, kwa hiyo elektrodi inaweza kufanywa nyembamba mno, kuna za milimita 0.6, na bado isilike haraka. Ncha nyembamba inahitaji volti ndogo kurusha moto, na hilo husaidia kuwaka asubuhi ya baridi. Ila ikishalowa petroli na oili inaziba kama nyingine, na uchungu wa kuitupa ni mkubwa zaidi. Kama kitabu kimetaja iridiamu au platinamu, usishuke kwenye ya kawaida. Kama kimetaja ya kawaida, mimi ningebaki na ya kawaida na kuibadilisha mapema.

Swali: Gepu naipimaje, na nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Gepu, yaani nafasi kati ya elektrodi mbili za plagi, pima kwa fila geji hata kama boksi limeandikwa imeshapimwa, kwani plagi huangushwa njiani. Nyingi za injini hizi huwa kwenye milimita 0.7 hadi 0.8, lakini fuata ya kwako. Pinda elektrodi ya pembeni peke yake. Ukiichokonoa ya katikati unapasua kauri. Plagi iliyoanguka sakafuni kwenye saruji mimi siiweki kwenye injini, maana ufa wa kauri hauonekani kirahisi.

Kukaza: injini iwe imepoa. Ingiza plagi kwa vidole tu, thredi zote, mpaka ile pete ya chuma ikalie. Ikigoma nusu ya njia, itoe uanze upya, usiisaidie kwa spana, maana silinda hedi ni aluminiamu na itakubali thredi mbovu bila kelele. Baada ya vidole, chukua spana uzungushe nusu mzunguko hadi theluthi mbili kama plagi ni mpya. Utasikia pete inabonyea, laini kwanza, halafu ghafla inakuwa ngumu. Ishia hapo. Plagi iliyowahi kukazwa pete yake imeshabonyea, inataka sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu. Mwenye spana ya kupimia nguvu atumie nyutoni-mita 25 hadi 30 kwa plagi ya milimita 14, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Grisi ya kuzuia kukwama usipake. Thredi za plagi za kisasa zimepakwa madini tayari, na grisi hukufanya ukaze kupita kipimo bila kujua.

Swali: Nimeweka plagi mpya lakini injini inamisi kwenye mwendo mkubwa tu.

Angalia kichwa cha plagi pale kofia inapokalia. Baadhi ya plagi zina kinati kidogo kinachofunguka, na mtetemo wa injini hizi hukilegeza. Kikaze kwa koleo, au bora zaidi nunua plagi yenye kichwa kizima kisichofunguka.

Swali: Yangu ni Ski-Doo ya E-TEC. Nimeambiwa plagi lazima itazame upande fulani. Ni kweli?

Ni kweli. Injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na uwazi wa plagi unatakiwa uelekee upande uliopangwa ili mnyunyizo uufikie vizuri. Kabla ya kuingiza, chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kauri ya nje, sambamba na upande ulio wazi wa elektrodi. Ukishakaza kwa kipimo, mstari utakuonyesha plagi imeelekea wapi. Ikikataa, usilegeze ili ielekee. Jaribu plagi nyingine, kwa kuwa thredi hazianzi mahali pamoja kwa kila plagi. Mpaka unaoruhusiwa uko kwenye kitabu cha ufundi.

Swali: Injini imefurika petroli na niko mbali na watu. Nifanyeje?

Bonyeza swichi ya kuzima, funga koki ya petroli kama ipo, na hakikisha choki imerudi. Toa plagi zote. Zile nyaya usiziache zikining'inia: zichomeke plagi zako za zamani na uziegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na matundu. Petroli itakayoruka huko ikikutana na cheche itawaka, na waya usiogusa chuma unaweza kuua mtambo wa umeme wa plagi. Fungua throto yote, vuta kamba mara kadhaa mpaka matundu yaache kutema. Futa matundu, weka plagi kavu, fungua koki, washa bila choki.

Kwa hiyo plagi za akiba, zilizokwisha pimwa gepu, ziwe ndani ya kopo gumu pamoja na spana yake kila unapotoka. Na spana ijaribiwe nyumbani kwanza, maana nyingi hazipiti chini ya bomba la ekzosi.