Maswali na majibu: mbao za skeitibodi za miaka ya 1980 na matoleo yake mapya

Maswali ya safari hii yote yanauhusu ubao mmoja: ule mpana, wenye pua fupi bapa na mkia mmoja uliokunjwa kwenda juu, uliotamba miaka ya 1980 na sasa unachapwa upya. Tunaanza na lile lililoharibia wengi kazi.

Nimenunua ubao wa toleo jipya, na matraki yangu (vile vifaa vya chini vinavyobeba magurudumu) ni ya zamani kweli. Matundu hayaingiani. Nimeuziwa kitu kibovu?

Hapana. Kuna mipangilio miwili ya matundu, nayo inatofautiana kwa urefu tu. Kwa upana, matundu yanaachana inchi 1⅝ (mm 41) katika mipangilio yote miwili. Kwa urefu, mpangilio wa zamani ni inchi 2½ (mm 63.5) na mpya ni inchi 2⅛ (mm 54). Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matoleo mapya hayafuati kanuni moja: mengine yametobolewa kizamani, mengine kisasa.

Kwanza geuza traki uhesabu matundu kwenye bamba lake la chini. Yakiwa sita, linaingia kote kote na kazi imekwisha. Yakiwa manne ya kizamani, inabidi kutoboa, na hapo pana sharti moja: ubao uwe toleo jipya. Ubao orijino usiuguse kwa drili hata kwa tundu moja. Utafutie matraki yanayoufaa.

Kwa toleo jipya, acha jozi ya nje ya matundu, ile iliyo karibu na pua au mkia, kisha toboa jozi mpya kwa ndani. Kutoka kitovu cha tundu la zamani hadi kitovu cha jipya ni mm 9.5. Usipime kwa rula peke yake. Funga bamba kwa bolti mbili kwenye jozi ya nje, hakikisha limenyooka sawa na mstari wa katikati ya ubao, ndipo uweke alama kupitia matundu ya bamba lenyewe. Ondoa bamba, bandika seloteipu ya karatasi pande zote mbili, halafu bana kipande cha mbao kwa klempu upande wenye picha. Toboa kutoka juu kwa biti ya mm 3, kisha mm 5.5.

Kile kipande cha chini ndicho roho ya kazi. Bila hicho, biti inapotokeza inabandua tabaka la mwisho la mbao, na rangi inaondoka pamoja nalo. Kosa lingine ni kuinamisha drili. Kati ya tundu na tundu kunabaki mm 4 tu za mbao. Biti ikienda mshazari matundu yanaungana, bolti inacheza, na traki halikazi tena. Ukimaliza, paka varnishi kidogo ndani ya tundu kwa kijiti ili maji yasipate njia kati ya tabaka.

Ubao wangu una upana wa inchi 10. Nichague matraki na magurudumu gani?

Independent, kampuni ya matraki, bado wanatengeneza saizi mbili kubwa zinazokuhusu. Namba 169 ina ekseli ya takriban inchi 9, na namba 215 ina ekseli ya takriban inchi 10. Namba 215 inafikisha magurudumu hadi ukingoni: ubao unatulia, lakini unapinda kwa uvivu. Sisi tungefunga 169. Magurudumu yanaingia kidogo chini ya ubao, mguu unapata ukingo wa kulalia, na ubao unageuka kama ulivyozoeleka zama zile.

Magurudumu ya mm 60 hadi 66 ndiyo yanayoupa ubao huu sura yake. Ugumu (namba ya A ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi) uchague kwa sakafu: 95A hadi 97A kwa zege laini na rampu, 78A hadi 85A kwa lami yenye kokoto. Ukubwa huo unahitaji pedi kati ya traki na ubao, ama sivyo gurudumu litagusa mbao unapokata kona na skeitibodi itasimama ghafla huku wewe ukiendelea mbele. Inchi ⅛ mara nyingi inatosha kwa mm 58 hadi 60. Zaidi ya hapo weka ¼. Urefu wa bolti unafuata pedi: bila pedi inchi 1, kwa pedi ya ⅛ inchi 1⅛, kwa pedi ya ¼ inchi 1¼. Nati ikikaza, nyuzi mbili tatu za bolti zichungulie nje. Nati ya nailoni ambayo bolti haikufika mwisho wake haijashika kitu.

Kabla ya kuupanda, jaribu hivi. Paka chaki juu ya kila gurudumu, simama kwenye ukingo mmoja wa ubao uulalie kwa uzito wako wote, kisha ugeuze uangalie tumbo lake. Mstari mweupe juu ya gurudumu lolote maana yake pedi haitoshi, au bushi, zile pete za plastiki ndani ya traki zinazoliruhusu kupinda, ni laini mno kwa uzito wako. Rudia upande wa pili. Bushi zikiwa mpya zinalegea kidogo baada ya siku chache za kupanda, kwa hiyo kipimo hicho kifanye tena baadaye.

Nitatofautishaje ubao orijino na toleo jipya?

Hakuna dalili moja inayomaliza ubishi. Zisome zote kwa pamoja.

Matundu yanakanusha, hayathibitishi. Ubao unaodaiwa kuwa wa 1985 ukiwa na matundu ya mm 54 peke yake, una maswali ya kujibu. Ila ukiwa na matundu ya kizamani bado unaweza kuwa toleo jipya.

Kisha picha. Mbao za zama zile zilichapwa kwa skrini, rangi moja baada ya nyingine. Pitisha ukucha taratibu pale rangi mbili zinapokutana: utahisi kijingazi kidogo sana, na mahali pengine utaona rangi moja imelala juu ya nyenzake. Chukua kioo cha kukuzia. Wino wa skrini unaonekana umejaa, rangi moja tupu. Ukiona vinukta vidogo vya rangi mbalimbali vilivyochanganywa kutengeneza rangi ya tatu, na uso wote ni laini kama plastiki, hiyo ni picha iliyohamishwa kwa joto kutoka kwenye karatasi maalumu. Lakini usiishie hapo, maana matoleo mapya mengi mazuri nayo yanachapwa kwa skrini. Mafuvu na madragoni ya mchoraji Vernon Courtlandt Johnson kwa kampuni ya Powell Peralta, na michoro ya Jim Phillips kwa kampuni ya Santa Cruz, imerudi mara nyingi, mara nyingine kwa rangi ambazo hazikuwapo mwanzo. Ndiyo maana rangi ya mbao na rangi za wino ni ushahidi mzuri kuliko mchoro wenyewe.

Dalili tunayoiamini zaidi ni uchakavu wenye mantiki. Ubao uliopandwa kweli una mikwaruzo mirefu katikati ya tumbo, kati ya matraki, kwa sababu ndipo unapoteleza juu ya ukingo wa bwawa tupu la kuogelea au rampu. Mkia umelika kwa mshazari, mara nyingi upande mmoja zaidi, kufuata mguu wa mwenyewe. Omba bamba moja la traki lifunguliwe. Chini yake utakuta kivuli cha rangi iliyokuwa imejificha, angavu kuliko ya jirani, na duara za kutu palipokaa bolti. Ubao uliozeeshwa kwa makusudi una mikwaruzo ya msasa: myembamba, sambamba, imesambaa hata mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kupagusa. Muuzaji akikataa kufungua bamba, acha ununuzi huo upite.

Kwa nini mbao hizi ziliacha kutengenezwa, kama zilipendwa hivyo?

Mchezo ulihama kutoka kwenye mabwawa na rampu kwenda mitaani. Ili kuruka na kuuzungusha ubao, watu walitaka uzito mdogo na pua inayofanya kazi sawa na mkia. Ubao wa mwanaskeitibodi Mike Vallely uitwao Barnyard, uliotolewa na kampuni ya World Industries mwaka 1989, ulikuwa na pua iliyokunjwa kama mkia, na baada yake sura ya ncha mbili zinazofanana ikaenea upesi. Magurudumu yakapungua hadi chini ya mm 45. Miaka michache tu baadaye ubao wa inchi 10 ulionekana kitu cha kale, na mwingi wake ukaishia stoo.

Magurudumu yangu ya miaka ya 1980 yamekuwa manjano. Bado yanapandika?

Umanjano peke yake ni kazi ya mwanga na hewa juu ya poliurethini, wala haumaanishi kwamba gurudumu limeoza. Bonyeza ukucha kwenye ukingo. Likibonyea na kurudi, sawa. Likiwa na utando unaonata, au likimeguka punje punje, unyevu umeshakata minyororo ya plastiki yenyewe na hakuna dawa ya kulirudisha. Angalia pia kama lina ubapa mahali liliposimama miaka mingi, na kama beringi inaingia kwa kubana. Beringi ikidondoka yenyewe ukiligeuza gurudumu, usilipande.

Ushauri wetu hata kwa yaliyo mazima: yaweke, upande mapya. Beringi za kawaida ni zile zile za 608, yaani tundu la mm 8, kipenyo cha mm 22 na unene wa mm 7, kwa hiyo kubadilisha seti ni kazi ya dakika kumi. Na usijaribu kuyang'arisha kwa blichi. Inayakausha uso na kufuta maandishi.

Matraki yamepata kutu. Niyaloweke kwenye siki?

Usiloweke traki zima. Mwili wake kwa kawaida ni aluminiamu, na kutu iko kwenye ekseli, kingpini (bolti nene ya katikati ya traki) na nati, ambavyo ni chuma. Siki inayotoa kutu kwenye chuma inaacha vishimo na madoa kwenye aluminiamu. Na kuna matraki ya kampuni ya Tracker yaliyotengenezwa kwa magniziamu. Hayo yakiingia kwenye asidi yanatoa mapovu na kuliwa mbele ya macho yako. Traki jepesi kupita kiasi mkononi lisikaribie siki kabisa.

Livunje kwanza. Nati ya kingpini inachukua spana ya inchi 9/16, nati za ekseli inchi ½. Vipande vya chuma vinavyotoka, kama nati na washa, viloweke peke yake, visuguliwe, vioshwe na kukaushwa mara moja, kisha vipakwe mafuta. Ekseli isiyotoka isugue kwa brashi ya waya wa shaba na mafuta mepesi. Nyuzi zilizoumia mwishoni zisafishe kwa kifaa cha kukata nyuzi cha 5/16-24 badala ya kuilazimisha nati.

Bushi za zamani huwa zimekuwa ngumu kama jiwe au zimepasuka. Weka mpya za karibu 90A, na zile za zamani zihifadhi kwenye mfuko pamoja na traki, kwani atakayelinunua kesho atazitaka. Halafu chunguza nyufa: kwenye shina la pivoti (ncha ya traki inayoingia kwenye kikombe cha bamba) na kuzunguka tundu la kingpini. Mwanga wa tochi ukiuelekeza kwa pembeni unauonyesha ufa mwembamba kama unywele. Traki lenye ufa ni la ukutani.

Stika na msasa wa zamani nitavitoaje bila kuua picha?

Msasa, ile karatasi ya kukwaruza inayoshika viatu, uko upande wa juu, mbali na picha, kwa hiyo joto la kikausha nywele ni salama. Pasha kona, vuta polepole kwa pembe ndogo, pasha tena. Ukivuta kwa hasira unaondoka na nyuzi za mbao.

Upande wa picha ndipo pa kwenda taratibu. Stika nayo ipashe kidogo sana, na gundi inayobaki ilainishe kwa mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, dakika chache, kisha futa. Asetoni na tina zinayeyusha wino wa skrini. Na ikiwa stika ni ya zama zile zile, iache. Ni sehemu ya ubao.

Reli za plastiki na kinga ya mkia, nifunge au niache?

Ubao wa kupanda, funga: reli, vile vipande virefu vinavyofungwa tumboni pa ubao, zinalinda picha na kukupa mahali pa kushika. Unene wa ubao ni takriban mm 11, kwa hiyo skrubu isiingie kwenye mbao zaidi ya mm 8, na tundu la kuanzia liwe la mm 2. Ukikaza bila tundu, skrubu inapasua tabaka, na maji yanamalizia. Ubao orijino wenye matundu ya reli tayari, tumia hayo hayo.

Nautundika ukutani. Mahali gani panafaa?

Ukuta usiopigwa na jua hata kwa saa moja kwa siku. Waridi kali, njano na kijani zile zinazong'aa hufifia kabla ya rangi nyingine zote, na upande mmoja ukitangulia huwezi kuusawazisha. Epuka ukuta wa bafu na jikoni kwa sababu ya mvuke. Ning'iniza kwa matraki, au kwa ndoano mbili zinazoshika kingo. Ubao ulioegemezwa ukutani kwa ncha moja mahali pa joto, miezi mingi mfululizo, unapinda, na kuunyoosha bila kuachanisha tabaka ni kazi ambayo mara nyingi inashindikana.